Boksi la dirishani penye jua kali: maua yanalala saa sita, yanaamka jioni. Tatizo nini?

#1 Sina Bustani
Wakuu, salaam. Jina langu linajieleza. Nina dirisha moja tu, linapigwa na jua kuanzia saa tano asubuhi hadi linapozama, na mwezi uliopita niliamua nami nipendezeshe pangu. Nikafunga boksi la plastiki jeusi, urefu sentimita 80, upana 20, kina 20. Chini nikaweka kokoto unene wa vidole viwili, juu yake udongo wa mfuko, kisha petunia sita za zambarau na lobelia nne za kuning'inia pembeni.

Wiki mbili za kwanza raha tupu. Sasa kila siku ni mchezo uleule. Asubuhi yamesimama, saa sita yamelala kama nguo iliyolowa, namwagilia, hayaamki. Jua likizama yanaamka yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Lobelia mbili zimeshakauka. Maji nayapa asubuhi na mchana, kwa hiyo asije mtu kuniambia kiu.

Maswali mawili: kinaendelea nini hapa? Na kama petunia hazifai, nipande nini kinachostahimili jua la namna hii?

#2 Mpita Njia
Naweka kiti hapa nisubiri wajuzi. Langu lilikufa lote, nimebaki na boksi la udongo na kijiti kilichoandikwa "petunia".

#3 Dada Zinia
Kosa lako ni kumwagilia mchana. Tone la maji juani ni kama kioo cha kukuzia, linakusanya miale na kuchoma jani. Mwagilia alfajiri au jioni tu, utaona tofauti.

#4 Nywele za Mizizi
Hilo la matone lilishapimwa, Dada Zinia. Kuna watafiti wa Hungary walichapisha majibu yao mwaka 2010. Kwenye jani laini tone linalala juu ya jani lenyewe, na mahali miale inapokutana ni chini zaidi ya jani, kwa hiyo haliungui. Walipopata madoa ya kuungua ni kwenye majani yenye vinyweleo vinavyoliinua tone likakaa juu kidogo.

Isitoshe, mtoa mada hajasema majani yana madoa. Amesema yanalala na kuamka. Jani lililoungua haliamki.

#5 Dada Zinia
Na petunia haina vinyweleo? Kaguse uje.

#6 Nywele za Mizizi
Inavyo, ila vya petunia vinanata, vile walivyopimia ni vya jamii ya mimea ya majini ambayo nywele zake zinasukuma maji. Sidhani kama ni kitu kimoja. Lakini hapo umenibana, nakubali.

#7 Babu Mboji
Vijana, mnajadili majani, tatizo lipo chini.

Mmea unapoteza maji kwa majani na kuyapata kwa mizizi. Saa sita matumizi yanazidi mapato, mmea unalala ili kupunguza eneo linalopigwa na jua. Jioni hesabu inasawazika, unaamka. Hata boga shambani hufanya hivyo siku ya jua kali, na hakuna anayeliita mgonjwa. La kujiuliza ni kwa nini mapato yako ni madogo wakati unasema maji yapo.

Fanya hivi kesho saa sita. Kwanza zamisha kidole chote ndani ya udongo, si juu juu. Pili, weka kiganja kwenye ubavu wa boksi unaotazama jua, hesabu hadi kumi. Ukishindwa kufika kumi, ujue mizizi iliyogusa ubavu huo nayo inashindwa, na yenyewe haina pa kukimbilia. Plastiki nyeusi juani hupata joto kuliko hewa inayolizunguka. Mizizi ya maua mengi ikikaa kwenye joto la nyuzi 40 na zaidi inaacha kunyonya hata kama imezama kwenye maji.

#8 Kijiko cha Mchanga
Mzee kasema kweli kuhusu boksi jeusi, ila mimi macho yangu yako kwenye kokoto. Tangu nilipoacha kuweka kokoto chini, maua yangu hayajaoza mizizi.

Najua wengi mmefundishwa kwamba kokoto zinasaidia maji kutoka. Haziwezi. Udongo laini ukilala juu ya kokoto, maji hayashuki kuingia kwenye zile nafasi kubwa mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Ile tabaka iliyoshiba ilikuwa ikae chini kabisa ya boksi, sasa umeipandisha mpaka miguuni mwa mizizi.

Usiponiamini chukua sponji ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili. Ichovye ishibe maji, ishike kwa ulalo kama sinia. Itadondosha, itadondosha, itaacha. Usiikamue. Sasa igeuze isimame wima kwa upande wake mrefu. Itaanza kudondosha upya! Sponji ni ileile, maji ni yaleyale, kilichobadilika ni kimo tu. Chombo kifupi hubaki na maji mengi kwa kadiri ya ukubwa wake kuliko chombo kirefu. Boksi lako lina sentimita 20, umetoa nne kuwapa kokoto.

#9 Ghorofa ya Nne
Mama yangu ameweka vigae na kokoto chini ya vyungu vyake tangu sijazaliwa. Maua yake mnayapita mkiyapiga picha. Tuseme yeye amekosea miaka yote hiyo?

#10 Kijiko cha Mchanga
Sijasema mama amekosea, Mungu aniepushe. Vyungu vya mama vina kina gani? Kwenye chungu cha nusu mita huwezi kuona madhara, mizizi ina nafasi juu. Na ni vya udongo wa kufinyanga, vinapumua ubavuni. Boksi la plastiki ni habari nyingine. Kigae kimoja juu ya tundu ili udongo usitoroke, sawa. Au kipande cha chandarua chakavu. Tabaka zima, hapana.

#11 Fundi Keekee
Nimejaribu ya sponji jikoni sasa hivi. Imedondosha kweli. Nimeitwa mwehu na watu wa nyumbani.

Mimi si mtu wa maua, ni mtu wa kutoboa kuta, na nimekuja kwa sababu nimeona vipimo vya #1. 80 mara 20 mara 20 ni lita 32. Udongo wa mfuko uliolowa usihesabu chini ya kilo moja kwa lita. Ukichota wa shambani, lita moja ikilowa inakwenda kilo moja na nusu hadi mbili. Kwa hiyo unaning'iniza kati ya kilo 30 na 60 nje ya dirisha, juu ya vichwa vya watu! Ndugu, umefunga na nini?

Nauliza kwa sababu niliwahi kufunga la kwangu kwa skrubu fupi mbili. Lilikaa msimu mzima. Siku ya mvua kubwa lilishuka na kutua kwenye kiti cha pikipiki ya jirani. Hakuna aliyeumia, lakini salamu zetu hazijarudi kama zamani. Mabano ya chuma matatu, skrubu ndefu zinazoingia kwenye tofali na si kwenye plasta, na waya wa akiba wa kulishika boksi kama bano litaachia.

#12 Sina Bustani
Ahsanteni wote. Fundi, nimefunga kwa mabano mawili, jioni hii naongeza la tatu, umenitia homa.

Majibu ya Babu: kidole kimezama, udongo umelowa mpaka ncha ya kidole. Kiganja kwenye ubavu nimefika sita, nikatoa. Kumbe!

Tena nimegundua boksi limegusa ukingo wa dirisha, na ukingo una bati. Lile bati usiseme.

#13 Nywele za Mizizi
Udongo umelowa na mmea umelala, basi usiongeze maji. Hapo ndipo watu wengi huua maua: wanaona yamelala, wanamimina, udongo unakosa hewa, mizizi inaoza, maua yanalala zaidi, wanamimina zaidi. Mzizi unahitaji hewa ili unyonye maji. Toa mmea mmoja utazame. Mzizi mzima ni mweupe au krimu na mgumu kidogo. Uliooza ni kahawia, ukiuvuta ganda linavuka kama soksi na kubaki uzi katikati, na unanuka.

Lobelia usiililie. Hiyo joto kali huiondoa hata ungefanya kila kitu sawa.

#14 Maswali Mengi
Samahani nitoke nje ya mada kidogo. Nimesoma kwenye kitabu kwamba boksi la jua liwekwe dirisha la kusini. Mimi langu la kusini miezi hii halina jua kabisa. Nimeelewa vibaya?

#15 Nywele za Mizizi
Hujaelewa vibaya, kitabu kimeandikwa Ulaya. Ulaya jua la mchana liko upande wa kusini mwaka mzima. Ukienda kusini kabisa mwa dunia ni kinyume, dirisha la jua ni la kaskazini. Na karibu na ikweta jua linahama: Machi hadi Septemba linapita upande wa kaskazini, Septemba hadi Machi upande wa kusini. Dirisha lako linaweza kuwa la jua nusu mwaka na la kivuli nusu iliyobaki. Kitabu cha mbali usikifuate kwa dira.

La mashariki na la magharibi ndiyo hayabadiliki sana popote ulipo. Lakini hayafanani. Jua la asubuhi linakuta ukuta wa baridi na hewa ya baridi. Jua la saa tisa alasiri linakuta kila kitu kimeshachemka. La mtoa mada kwa maelezo yake linatazama magharibi. Saa sita za jua pale si sawa na saa sita za mashariki, ingawa kwenye pakiti ya mbegu zote zinaitwa "jua kamili".

#16 Kopo Tupu
Ongeza na upepo. Mimi niko juu sana, jua si kali kihivyo, ila upepo unakausha boksi kabla sijarudisha kopo mahali pake. Kwangu kilicholaza maua ni upepo. Huko nako watu wangekuambia joto.

#17 Dada Zinia
Tumwache mgonjwa apimwe, nijibu swali la pili la #1, maana nimeona mnalikwepa.

Kwa dirisha la magharibi linalochoma, namba moja yangu ni potulaka, ile yenye majani manono kama vidole vya mtoto. Inahifadhi maji mwilini, haihitaji mbolea nyingi, na boksi la kina kifupi kwake ni sawa tu. Inashuka pembeni vizuri. Namba mbili vinka. Namba tatu gazania. Zinia fupi nazo, ingawa jina langu litafanya mseme napendelea: ziachanishe hewa ipite, vinginevyo majani yanapakwa ubwiri unga mweupe kama yamemwagiwa poda. Marigoldi fupi zinaenda vizuri, ila pakiwa pakavu na joto zichunguze chini ya majani. Ukiona vitone vya njano na utando mwembamba kama wa buibui, huyo ni utitiri mwekundu.

Petunia si mbaya hata hivyo. Inapenda jua. Inachochukia ni kuchemshwa miguu.

#18 Kopo Tupu
Potulaka sawa, ila mwambie ukweli wote. Nilipanda rangi tano. Ua linafunguka jua likishakuwa kali, linafunga alasiri, na siku ya mawingu halihangaiki kabisa. Mimi natoka nyumbani alfajiri narudi jioni. Miezi minne nimemwagilia vitumba vilivyofumbwa! Jumapili moja nilikaa nyumbani na homa nikayaona, nikasema kumbe ni mekundu.

#19 Ghorofa ya Nne
Haha, Kopo Tupu anafanya kazi ya kuwapendezesha wapita njia. Hata hivyo boksi lolote la dirishani liko hivyo. Maua yanageukia mwanga, wewe wa ndani unaona migongo. Tangu nigundue hilo napanda kitu chenye majani mazuri upande wangu, maua nawaachia walioko nje.

#20 Mpita Njia
Walioko nje tunashukuru.

Hiyo vinka mnayoisema ni ile yenye maua ya waridi na jicho katikati? Hiyo huota yenyewe pembeni ya kuta bila kumwagiliwa na mtu. Kwa nini ninayoinunua inakufa?

#21 Kijiko cha Mchanga
Ndiyo hiyohiyo, asili yake Madagaska. Inakufa kwa sababu unaihurumia. Vinka haipendi miguu iliyolowa, ukiimwagilia kila siku inapata ugonjwa wa kuoza shina: tawi moja linalala, kesho la pili, na shina karibu na udongo limekuwa jeusi. Ile ya ukutani imeokoka kwa sababu hakuna anayeipenda. Acha udongo ukauke juu ndipo uipe.

Mwenye watoto wadogo au mbuzi anayefika dirishani azingatie, vinka ni sumu ikiliwa. Dawa mbili za saratani, vinblastini na vinkristini, zimetoka kwenye mmea huo, kwa hiyo si wa kuchezea mdomoni.

Na ukiotesha kwa mbegu: vinka inataka giza, ifukie. Petunia inataka mwanga, usiifukie, ibonyeze tu juu ya udongo. Mbegu zake ni kama vumbi. Ukipiga chafya umepanda nyumba nzima.

#22 Babu Mboji
Nashangaa hakuna aliyetaja jeraniamu. Ndilo ua la dirishani hasa. Shina nene, linavumilia ukisahau maji siku mbili, na tawi likivunjika unalichomeka udongoni linaota.

#23 Nywele za Mizizi
Mzee, kwa heshima zote, hilo ni pelagoniamu. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliziweka zote mbili kwenye kundi moja la Geranium mwaka 1753, na mwaka 1789 Mfaransa L'Héritier akazitenga. Za madirishani asili yake ni kusini mwa Afrika. Jeraniamu ya kweli ni mmea mwingine. Majina yote ya Kigiriki na yote ya ndege, kwa sababu tunda lao lina mdomo mrefu: pelargos ndege mmoja, geranos ndege mwingine.

#24 Babu Mboji
Ndege gani na gani?

#25 Nywele za Mizizi
Korongo na... korongo. Wenzetu wana majina mawili, sisi tunalo moja.

#26 Babu Mboji
Basi kwa Kiswahili nilikuwa sahihi.

#27 Ghorofa ya Nne
Mzee kashinda bila kutoka kitini.

#28 Maswali Mengi
Ni kweli jeraniamu na marigoldi zinafukuza mbu? Hiyo ndiyo sababu mimi nataka boksi dirishani.

#29 Fundi Keekee
Ninayo marigoldi dirishani na ninao mbu. Wanaishi pamoja kwa amani.

#30 Kijiko cha Mchanga
Mafuta yaliyokamuliwa kwenye baadhi ya mimea yanaweza kumkera mbu. Mmea uliokaa kimya dirishani haumfanyi kitu. Na angalia usije ukawafuga: kisahani cha chini ya boksi kikikaa na maji, penye joto mbu anatoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hivi. Mwaga maji ya kisahani kila baada ya kumwagilia, utasaidia na mizizi pia.

#31 Babu Mboji
Sina Bustani, nimekumbuka kitu. Mbolea unatia ipi, na kiasi gani? Ukiona utando mweupe wa chumvi ukingoni mwa boksi, umezidisha. Chumvi ikijaa kwenye udongo, mzizi unashindwa kuvuta maji hata yakiwepo, na dalili yake ni hiyohiyo ya kulala mchana. Dawa yake ni kumimina maji mengi safi mara moja, yapite yatoke chini, kisha uache mbolea wiki kadhaa. Zile punje zinazoyeyuka polepole, joto likizidi haziyeyuki polepole tena.

Tena ikiwa ya naitrojeni nyingi utapata majani ya kujivunia na maua ya kutafuta. Mbolea ya nyanya, yenye potasiamu nyingi, inafaa maua.

Na petunia ukichuma maua yaliyokauka usivute ile kanga ya rangi peke yake. Nyuma yake pana kifuko cha mbegu. Ukikiacha, mmea unajua kazi imekwisha. Kata pamoja na kikonyo.

Mwisho, mvuta sigara anawe mikono kwanza. Petunia na tumbaku ni ukoo mmoja, pamoja na nyanya, na virusi vya tumbaku vinaweza kusafiri vidoleni. Hata jina petunia limetokana na neno la wenyeji wa Brazili la tumbaku.

#32 Fundi Keekee
Kwa hiyo ni mimi niliyeua za dada yangu. Hili sitalisema nyumbani.

#33 Sina Bustani
Wakuu, nimefanya upasuaji. Nimetoa petunia moja, ile inayolala kuliko zote, nikaiweka kwenye gazeti.

Nilichokiona sikukitegemea. Udongo wa boksi umelowa vizuri, unashikamana. Lakini katikati, pale mmea ulipotoka nao kitaluni, kuna donge la ukubwa wa ngumi ya mtoto, lina umbo lilelile la kikopo chake, mpaka michirizi ya kikopo inaonekana. Nikalivunja. Ndani kavu! Kavu ya kuruka vumbi, jepesi kama gamba la mti, na mizizi imezunguka mzunguko mmoja humohumo kama uzi kwenye kijiti chake. Mizizi miwili mitatu tu ndiyo iliyotoka nje kwenda kwenye udongo mpya. Nimedondoshea tone la maji juu ya lile donge, limeviringika likaanguka pembeni bila kuingia.

Mizizi ni krimu, haina harufu. Utando wa chumvi sijauona. Chini kwenye kokoto, Kijiko, nakiri, kulikuwa na matope.

#34 Kijiko cha Mchanga
Matope! Nimesema nini?

#35 Nywele za Mizizi
Matope yako chini, mizizi haijafika hata huko. Shida ni donge. Vitalu vingi vinatumia udongo wa mboji ya kinamasi, ambao ukikauka kabisa unakataa maji. Ulipopanda hukulilowesha donge kwanza wala hukulikwangua. Kila ulipomwagilia, maji yalipita kwenye udongo laini wa pembeni, donge likabaki kisiwa. Kidole chako kilipima bahari.

Lizamishe kila donge kwenye ndoo ya maji hadi mapovu yaishe kutoka, kisha tawanya mizizi kwa vidole, usiogope kukata michache, ndipo urudishe.

#36 Kopo Tupu
Lakini wiki mbili za kwanza zilikuwa raha tupu, kasema mwenyewe #1. Kama ni donge, mbona hayakulala tangu mwanzo?

#37 Babu Mboji
Kwa sababu mmea ulikuwa mdogo na donge lilikuja na maji yake kutoka kitaluni. Au kwa sababu jua lilikuwa halijawa kali. Yote mawili yanaingia.

#38 Dada Zinia
Au kwa sababu alikuwa hajaanza kumwagilia saa sita.

#39 Ghorofa ya Nne
Huyu dada hakati tamaa.

#40 Sina Bustani
Narudi na mrejesho, siku kumi zimepita. Petunia tano zimebaki (ile niliyoipasua haikupona). Zimesimama saa sita, saa nane zinainama kidogo tu, na maua mapya yapo. Nilichofanya: nilizamisha madonge, nikatawanya mizizi. Nikatoa kokoto, nikaweka chandarua. Boksi nimelipaka rangi nyeupe, na kati yake na bati nimeweka vipande viwili vya mbao hewa ipite. Bano la tatu lipo, Fundi. Mwagilio wa mchana nimeacha.

Sehemu za lobelia nimeweka potulaka.

#41 Nywele za Mizizi
Safi. Donge hilo.

#42 Kijiko cha Mchanga
Kokoto hizo.

#43 Babu Mboji
Rangi nyeupe na mbao. Weka kiganja tena, utanipa majibu.

#44 Dada Zinia
Naona #40 ameacha kumwagilia mchana. Sisemi kitu.

#45 Maswali Mengi
Sasa amebadilisha vitu vitano kwa mkupuo mmoja, tutajuaje kilichosaidia? Si ungeacha angalau moja kwenye donge lake tulinganishe?

#46 Sina Bustani
Ndugu, mimi nilitaka maua, sikutaka mtihani. Ila Babu, nimeweka kiganja saa nane: nimefika kumi, nikaendelea hadi ishirini na mbili.

#47 Kopo Tupu
Na potulaka umeziona zikiwa zimefunguka?

#48 Sina Bustani
Bado. Narudi nyumbani saa kumi na mbili jioni.

#49 Kopo Tupu
Karibu chamani.

#50 Mpita Njia
Nami nimejaza lile boksi langu upya, nimechomeka vinka. Kijiti bado kinasema petunia, nimekiacha hivyohivyo.